Sola na Gridi Ndani ya Paipu Moja: Somo Nililolipata TP

Wanachuo wenzangu, wengi wenu mmerudi kutoka TP na stori za mbu, za vyumba vya kupanga visivyo na maji, na za majina ya utani mliyopewa na wanafunzi. Mimi nilibatizwa Madamu Volti. Stori ya jina hilo ndiyo nataka kuwapa leo, kwa sababu ndani yake kuna somo la umeme ambalo sikuwahi kufundishwa mahali popote, na kutolijua kwangu nusura kumgharimu mtoto wa watu.

Nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati. Nilipangiwa shule moja ya kata, mbali kidogo na lami. Jengo la ofisi ya walimu pale lilijengwa na watu wenye kuona mbele: umeme haukuwepo, lakini mafundi walizika kabisa paipu za plastiki ukutani na kuacha visanduku vya swichi vitupu vikisubiri siku yake. Kabla umeme wa gridi haujafika, ikaja sola. Paneli mbili juu ya bati, betri kwenye shelfu ofisini, taa za volti 12 vyumba vinne. Fundi wa sola akaona paipu ziko tupu, akapitisha humo nyaya zake. Zilikuwa zile nyaya nyembamba za spika, nyekundu na nyeusi zilizoshikana. Kwa wakati ule hapakuwa na ubaya wowote, maana ndani ya paipu walikuwa peke yao.

Miaka ikapita, nguzo zikafika kijijini. Akaja fundi wa pili, akakuta paipu zina nyaya mbili nyembamba na nafasi tele. Kuchimba ukuta upya ni gharama: tindo, plasta, rangi, na maneno ya mkuu wa shule. Akavuta nyaya zake za volti 230 humohumo. Taa za sola zikaachwa ziendelee, kwa sababu kila mtu anajua gridi nayo hukatika. Simlaumu sana kwa kutumia paipu ileile. Ningekuwa mimi kabla ya TP, ningefanya vilevile na kujisifu kwamba nimeokoa pesa za shule.

Wiki ya tatu nikafika mada ya umeme kidato cha tatu. Nikachora betri, taa na swichi, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba volti 12 haziwezi kumdhuru mtu. Nikapiga na hesabu ubaoni: tuseme mwili wa mtu una ukinzani wa omu 2,000. Ukigawa 12 kwa 2,000 unapata ampea 0.006, yaani miliampea 6. Na ngozi kavu ukinzani wake huwa mkubwa kuliko huo, kwa hiyo kwa kawaida ukishika betri ya volti 12 hausikii kitu.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Sisi sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, ila mnajua wenyewe, swali likiwa la kweli Kiswahili hutoka chenyewe. Akasema, "Madamu, lakini ile betri ya ofisini inapiga."

Darasa likacheka. Nikamuuliza inapigaje. Akasema zamu yake ya usafi ni ofisini, na akipangusa shelfu kwa kitambaa kibichi, mkono ukigusa vile vichwa vya betri, anasikia kitu kinamvuta hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia huo ni wasiwasi wake. Nikaonyesha ubaoni: hesabu inakataa. Akakaa taratibu, kama mtu anayejua alichokisema ila hana namna ya kukithibitisha. Mimi nikafuta ubao nikaendelea na mada.

Siku chache baadaye nilichelewa ofisini nikisahihisha madaftari. Mlinzi akaingia kuchaji simu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi si wewe ndiye mwalimu wa fizikia? Hebu nieleze, hii sola yenu mbona ina meno?"

Hapo ndipo nilipoacha kusahihisha. Mtoto mmoja anaweza kuwa na wasiwasi, lakini mtoto na mzee wa miaka sitini wasiojuana stori zao hawawezi kuwa na wasiwasi wa aina moja.

Kesho yake nikachukua multimita ya maabara. Nikapima chanya na hasi ya betri: volti 12.6. Safi kabisa, betri yenye afya. Kisha nikageuza mita isome umeme wa AC, probu moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye waya wa ethi unaoshuka nje ya ukuta kwenda ardhini. Ikasoma 226.

Nilirudia mara tatu. Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule, nikaomba meni swichi izimwe na aitwe fundi. Namshukuru kwamba hakubishana na mwanafunzi wa TP.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye leseni yake mfukoni. (Kwa hapa Tanzania kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja. Ukijenga au ukifungiwa umeme, omba uione.) Nikampa matokeo yangu ya mita. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, mita inaweza kudanganyika. Tuiulize taa." Akawasha meni swichi, akatoa holda yenye taa ya kizamani ya uzi, wati 60, waya mmoja akaufunga kwenye ethi, mwingine akaugusisha kwenye kichwa cha betri ya sola. Taa ikawaka kama iko sebuleni. Naomba hilo msilijaribu nyumbani. Yeye alivaa glavu na alijua anachofanya.

Alipozima tena na kufungua kisanduku cha maungio kilichoko juu ya mlango, tulikuta maungio ya waya wa moto yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Joto la chini ya bati lilikuwa limeilegeza tepu. Uzi mmoja wa shaba ulikuwa umechomoza na kutoboa ganda la waya wa spika uliobanwa pembeni yake. Kitu chenyewe kidogo kuliko sindano.

Sasa hapa ndipo somo lilipo, na naomba hata nyie wa Sosholojia na Fasihi mvumilie, haihitaji kuwa mtu wa sayansi.

Swali la kwanza nililojiuliza: kwa nini breka haikukata? Waya wa volti 230 umegusa waya wa volti 12, mbona hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna giza? Jibu ni kwamba breka haioni volti. Breka inaona mkondo, na mkondo hautembei mpaka upate njia ya kurudi ulikotoka. Umeme wa gridi hurudi kwa njia ya nyutro au kwa njia ya ardhi. Mfumo ule wa sola haukuunganishwa na ardhi popote. Ulikuwa umekaa hewani, kwenye shelfu ya mbao na nyaya zenye plastiki. Kwa hiyo volti 230 ziliingia, zikakuta hakuna pa kwenda, zikatulia humo.

Swali la pili: mbona taa za sola ziliendelea kuwaka vizuri, na betri ilisoma 12.6 kama kawaida? Kwa sababu taa inajali tofauti kati ya chanya na hasi tu. Mfumo mzima wa sola ulipanda juu pamoja, chanya na hasi zote, kama watu wawili ndani ya lifti: wakiwa ghorofa ya kwanza au ya kumi, tofauti ya urefu kati yao ni ileile. Ndege anatua juu ya waya wa umeme kwa amani kwa sababu hiyohiyo. Shida inaanza pale mtu aliyesimama chini, kwenye sakafu ya saruji, anapoinua mkono kugusa kilichoko juu.

Mtu huyo ndiye njia ya kurudi iliyokuwa inakosekana.

Rudini kwenye hesabu yangu ya ubaoni. Omu zilezile 2,000, ila sasa badala ya 12 weka 230. Unapata ampea 0.115, miliampea 115. Kifaa cha kinga dhidi ya umeme unaovuja, kile ambacho mafundi wanakiita RCD, kwa kinga ya watu huwekwa kikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo, ukidumu mwilini, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ofisi ile haikuwa na RCD. Ilikuwa na breka ya ampea 20. Miliampea 115 si hata sehemu moja ya mia ya ampea 20, breka isingejua kama kuna mtu anakufa. Yule msichana aliokolewa na kandambili zake za mpira. Siku moja tu ya kupiga deki pekupeku, na sakafu ina maji, na mimi ningekuwa nimeshamwambia mbele ya darasa zima kwamba hesabu inakataa.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kudhani kwamba betri ya volti 12 ina volti 12 peke yake, popote itakapowekwa.

Niliporudi chuo nikaingia maktaba kutafuta kanuni zinasemaje. Sisi mfumo wetu wa umeme tumeurithi kwa Waingereza, ndiyo maana soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili, na mafundi wengi hufuata kanuni zao, zile za BS 7671, ambazo toleo lake la kwanza kabisa lilitoka mwaka 1882. Kanuni hizo zinagawa umeme kwa bendi. Bendi ya kwanza ni ya volti ndogo: haivuki 50 kwa AC au 120 kwa DC. Humo ndimo zilimo kengele za mlangoni, simu, sola yetu ya volti 12. Bendi ya pili ni umeme wa majumbani na viwandani, hadi volti 1,000 za AC. Kisha zinasema, kwa ufupi wangu mimi: bendi hizi mbili zisikae ndani ya paipu moja, isipokuwa kila waya uliomo, hata ule wa volti ndogo, una ganda linaloweza kustahimili volti kubwa kuliko zote zilizomo. Kama hauna, zitenganishwe: kila moja na paipu yake, au tranki yenye ukuta katikati.

Wamarekani nao wana kanuni zao zilizoanza mwaka 1897, na kwenye jambo hili wanafikia palepale. Nyaya za volti tofauti zinaweza kukaa pamoja mradi ganda la kila mmoja linatosha kwa volti kubwa kuliko zote zilizomo. Lakini kwa nyaya za volti ndogo kama za kengele wao ni wakali zaidi: kwa kawaida hawataki kabisa zichanganywe na za umeme mkubwa, hata ganda liwe nene.

Soma tena hiyo "kila waya uliomo". Hapo ndipo wengi tunateleza, na fundi wa pili wa shule ile aliteleza hapohapo. Yeye alinunua waya mzuri tu, ule ulioandikwa 450/750 ubavuni, maana yake ganda lake limetengenezwa kwa volti hizo. Waya wake ulikuwa halali. Waya wa spika nao ulikuwa halali kwa volti 12. Kila mmoja akikaguliwa peke yake anafaulu. Lakini ganda la waya wa spika halikuwa tena linazuia volti 12, lilikuwa linazuia 230 za jirani, kazi ambalo halikutengenezwa kuifanya. Ukitaka kujua waya unahitaji ganda gani, usiangalie tu umebeba nini wenyewe. Angalia unalala na nani.

Kwa hiyo si kweli kwamba volti tofauti hazichanganywi kamwe. Nimewasikia watu wakisema hivyo na wanazidisha. Mashine ya kusaga inayotumia fezi tatu, volti 400, na taa za chumba kilekile za volti 230 zinaweza kupita paipu moja kama nyaya zote ni za 450/750. Hata sola ingeweza kupita humo kama ingevutwa kwa waya wa aina hiyo. Mimi binafsi ningeitenga tu. Paipu ni salama katikati, matatizo yanatokea mwisho wake, kwenye visanduku vya maungio, pale maganda yanapomenywa na mikono ya watu inapoingia. Halafu kuna suala la rangi. Kwenye sola nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwenye nyaya za umeme za mtindo wa zamani wa Kiingereza nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Fungua kisanduku chenye zote mbili, usiku, umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni, uniambie nyekundu ipi ni ya volti 12.

Jambo la joto nitalipita haraka, ila lipo. Waya ukipitisha mkondo unapata joto, na paipu inalifungia humo. Kwenye majedwali ya kanuni hizo za Waingereza, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ndani ya paipu juu ya ukuta unaruhusiwa ampea 24, kama saketi ni moja. Ukiweka saketi mbili zilizobeba mzigo, zidisha kwa 0.80, tatu zidisha kwa 0.70. Na hiyo ni kwa joto la hewa la nyuzi 30. Ikiwa nyuzi 40, zidisha tena kwa 0.87. Saketi tatu kwenye paipu moja chini ya bati la Dar mwezi wa pili: 24 mara 0.70 mara 0.87, unabaki na ampea 14.6. Breka ya ampea 20 hapo hailindi tena waya, inalinda jina la fundi. Na ule waya mwembamba wa sola, ambao wenyewe haupati joto lolote la maana, unachemshwa na majirani zake mpaka ganda linakuwa gumu na kupasuka.

Narudi shuleni. Fundi aliivuta nyaya za sola zote zikatoka, akazipitisha nje ya ukuta kwenye tranki ndogo ya plastiki yake peke yake. Maungio ya tepu akayakata, akaweka viunganishi vya skrubu. RCD hakuweka. Iliandikwa kwenye orodha ya mahitaji, na mnajua orodha za mahitaji za shule za kata zilivyo. Mpaka naondoka ilikuwa bado orodha.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Jumatatu niliingia kidato cha tatu, nikachora upya ile betri na taa, halafu pembeni yake nikachora waya wa volti 230, na kuzunguka vyote nikachora paipu. Nikawaambia wiki iliyopita nilimwambia mwenzenu kwamba alichokisikia ni wasiwasi, na kwamba nilikosea. Nikamwambia na yeye mwenyewe, kwa jina, mbele yao: samahani. Kuna mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba nimejishusha. Labda. Lakini wale watoto ndio wanaoshika vitambaa vibichi kila asubuhi, na nilitaka siku nyingine mmoja wao akisema kitu kinapiga, asicheke mtu.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo la namna tunavyofundisha umeme, na hili nawaambia hasa wenzangu wa ualimu. Ubaoni kila saketi inaishi peke yake. Betri moja, taa moja, mstari safi wa chaki kuizunguka, na nje ya mstari hakuna kitu. Mwanafunzi anafaulu mtihani akiamini volti 12 ni salama, kwa sababu kwenye kila swali alilofanya zilikuwa peke yake. Halafu anarudi nyumbani ambako waya wa sola, wa king'amuzi, wa feni na wa kengele vyote vimesukumwa kwenye tundu moja la ukuta. Volti ndogo ni salama kwa sharti kwamba imetengwa na kubwa, na lile sharti ndilo tunaloliacha kwa sababu halina fomula. Mimi mwenyewe nimefika mwaka wa tatu wa chuo bila kulisikia.

Wanafunzi walipopata jambo la kweli hawakuniacha. Yule msichana akanyoosha mkono tena. "Madamu, na bwenini je? Kule nako sola na umeme vinatoka tundu moja."

Fundi alikuwa bado yupo anamalizia. Tukaenda naye. Nikapima waya wa sola kwa ethi: volti 94 za AC. Moyo ukanienda mbio, nikataka kutoa watoto wote nje. Fundi akatoa ile holda yake. Taa haikuwaka hata kidogo, na mita ikiwa bado imeshikizwa pale ikaanguka mpaka karibu na sifuri. Akaiondoa taa, mita ikapanda tena 94. Akacheka, "Huyu ni kivuli, mwalimu."

Hilo nalo nililitafutia hesabu baadaye. Nyaya mbili zikilala sambamba bila kugusana zinakuwa kapasita, sahani mbili zenye plastiki katikati. Chukua pikofaradi 100 kwa kila mita, na paipu ya mita 10: jumla nanofaradi 1. Kwenye umeme wa hezi 50, kapasita hiyo ni sawa na kizuizi cha omu milioni 3.2 hivi. Volti 230 zikisukuma kupitia hapo zinapata miliampea 0.07, ambazo mwili hauzisikii. Lakini multimita ya kisasa yenyewe ina ukinzani wa omu milioni 10, inaridhika na hizo chembe, inaonyesha namba kubwa. Taa ya wati 60 inataka miliampea 260, kwa hiyo haidanganyiki. Bisibisi ya tesita nayo hudanganyika kama mita, ndiyo maana kutegemea kile kitaa chake chekundu peke yake ni hatari pande zote mbili: kinaweza kukutisha bure, na ukikizoea kukutisha bure, siku ya kweli hutakiamini.

Kivuli hichohicho ndicho kinachofanya taa za LED zibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa. Na kile kilio cha "uuuu" kwenye spika za ukumbini, ambacho kila kwaya humlaumu mtu wa mitambo, mara nyingi ni waya wa maiki uliofungwa pamoja na waya wa umeme kwa mita ishirini.

Najua wengi wenu hamtafunga umeme maishani. Lakini wengi tunapanga mitaani, kwenye nyumba ambako mtu wa intaneti anakuja na waya wake, anaona paipu ya soketi ina nafasi, anapitisha humo, anaondoka dakika ishirini baadaye ukimshukuru kwa uharaka. Waya wa intaneti, wa kamera, wa kengele, wa sola, vyote ni vya bendi ya kwanza. Mwambie apite kwingine. Akisema hiyo ni volti ndogo tu, mwulize paipu ina nini kingine. Na kama kitu cha volti ndogo kinakupiga, hata kidogo, usikizoee na usimwite fundi wa kifaa hicho. Zima meni swichi, ita fundi wa umeme.

Bwenini pale, fundi alitaka kujua kama tuache, maana kilikuwa kivuli tu na hela ya tranki ilikuwa imeisha. Nikamwuliza maungio ya kule juu yako vipi. Akapanda, akafungua kisanduku, akakaa kimya kidogo.

"Tepu," akasema.

Tranki ya bweni tulichanga walimu, elfu tano tano. Yule msichana alishika ngazi.